Pikapu Yenye Mgongo Mweupe

Kwanza ulisikika mnyororo. Kabla ya taa za gari, kabla bonneti yake ya buluu iliyopauka haijajitokeza kutoka Dixon Road, ulisikia chuma kikigonga chuma, cheng, cheng, cheng, kama mtu anayeosha vijiko kwa hasira. Komeo la mlango wa nyuma lilikuwa limekufa zamani, na mwenye pikapu aliufunga kwa mnyororo wa baiskeli. Sisi tuliokaa kwenye maghorofa ya Kingsview Village, huku ughaibuni, tuliusikia mlio huo tukiwa jikoni, na aliyekuwa anahama siku hiyo alikurupuka: "Anko huyo! Fungeni maboksi!"

Tulimwita Anko, sote, hata waliomzidi umri. Alikuwa Mgoa, Mkatoliki, mfupi, mwenye leso ya kitambaa mfukoni na miwani aliyoifunga kwa uzi. Alifanya kazi ofisi ya mizigo karibu na uwanja wa ndege mpaka alipostaafu. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, cha zamani, kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Wazazi wake walikuwa nani na alizaliwa mtaa gani sitaeleza, maana yeye mwenyewe hakupenda maswali hayo. Ukimuuliza, "Anko, kwenu hasa ni wapi?" alijibu, "Islington, kituo cha tatu baada ya taa."

Kazi yake ya moyo ilikuwa kuhamisha watu. Mgeni akitua na masanduku mawili na anwani ya binamu, Anko alimfuata. Familia ikipata nyumba North York, Anko aliipeleka. Hakupokea malipo, na shukrani zilimkera. Mtu alipoanza, "Anko, sijui nikushukuru vipi," alimkatiza: "Usiniambie asante. Niambie ghorofa ya ngapi."

Ndiyo sentensi ninayoikumbuka kwa sauti yake kuliko zote. Niambie ghorofa ya ngapi. Akishaambiwa, alitazama juu ya jengo, akavua koti, akalikunja likawa dogo kama kitabu cha sala, akaliweka kwenye kiti. Kisha alianza kuwatukania watu vitu vyao.

"Hili kabati mmelileta kwa miguu kutoka Kigoma?"

"Anko, hilo ni la urithi."

"Marehemu alikuwa na akili. Alikufa ili asilibebe."

Alikuwa mkarimu asiye na subira. Ukimwambia saa tatu, alifika saa tatu kasorobo, na akikuta hujafunga vitu aliwasha gari akaondoka. Kuna bwana mmoja aliachwa amesimama kwenye theluji na godoro kichwani. Jioni ile ile Anko alirudi bila kuitwa, akapakia lile godoro bila neno, na tangu siku hiyo hakuacha kumwita bwana huyo "Mheshimiwa Godoro," hata mbele ya wakwe zake.

Sisi alituhamisha nilipokuwa na miaka kumi na minne, miaka ile ambayo watu walikwangua kadi za simu kwa sarafu ili wazungumze na nyumbani. Tulitoka chumba cha chini ya nyumba ya ndugu yetu, Rexdale, tukaenda ghorofa ya kumi na moja. Lifti ilikuwa mbovu. Baba alikuwa amenunua televisheni kubwa kabla hata hatujawa na meza, na Anko aliipandisha ngazi pamoja naye, wakipumzika kila ghorofa, akimwita "Bwana Televisheni" na kumuuliza kama huko ndani mna watu ambao wangeweza kutoka wakasaidia.

Walipomaliza hakutaka kuketi. Hiyo ilikuwa tabia yake nyingine: hakuketi katika nyumba aliyoihamisha. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja koridoni. Basi mama akampakulia pilau kwenye bakuli la bati lenye maua mekundu ukingoni, akalifunika kwa sahani, akampa aondoke nalo.

Wiki iliyofuata bakuli lilirudi. Ndani mlikuwa na achari ya malimau, kali, imeiva vizuri. Mama aliitazama, akacheka peke yake jikoni. Kwao, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Hakuna aliyemfundisha Anko hilo hapa, alikuja nalo. Na kwa kuwa lilirudi na kitu, mama naye ilimbidi alipeleke na kitu. Mara maandazi, mara samaki wa kupaka. Upande wa Anko ulileta achari, kamba wa kukaanga kwa siki, na keki ya Krismasi iliyonukia karafuu. Bakuli lile lilipanda na kushuka miaka na miaka, na hapakuwa na njia ya kulisimamisha ila mmoja wao akose adabu.

Baba alipofariki, ni pikapu ile iliyoleta masufuria makubwa ya msikitini na viti vya kukunja. Mnyororo ulisikika, kilio ndani ya nyumba kikapungua kidogo, kama watu waliokumbushwa kwamba kuna kazi. Anko alikuja amevaa tai. Hakumwambia mama maneno mengi. Alisema, "Pole, Mama Rehema," kisha akaniuliza mimi, "Viti vingapi?" Na Jumamosi iliyofuata, na kila Jumamosi baada ya hapo, alikuja na bakuli au kulifuata bakuli, akasimama mlangoni robo saa, wakazungumza na mama habari za bei ya nazi na miguu inayouma. Mama alifanya kazi ghalani, akikunja na kufunga maboksi kutwa nzima kati ya watu wasiojua jina lake lote. Ile robo saa ndiyo ilikuwa wiki yake.

Juu ya Kiswahili Anko alikuwa mkali. Watoto wetu wa hapa husikia kila kitu na kujibu kwa Kiingereza. Kwake hilo halikupita. Mtoto akimjibu kwa Kiingereza, aliweka mkono sikioni: "Sijasikia. Sema tena." Mtoto akirudia kwa Kiingereza, kwa sauti ya juu zaidi, yeye alitikisa kichwa kwa huzuni kama daktari aliyeona kipimo kibaya. Nami alinisahihisha mpaka nikaipenda lugha hii kwa ukaidi tu.

Lakini siku moja nilikuwa naye garini simu yake ndogo ya kukunja ikalia. Alikuwa mwanawe, anayeishi Calgary. Wakaongea kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Alipoifunga simu nilimtazama, naye alijua ninachotazama.

"Hajui," alisema. "Sikumfundisha."

"Wewe, Anko?"

Aliendesha mpaka taa nyekundu ya Kipling. "Nilidhani nampunguzia mzigo," akasema. Taa ikawaka kijani, na hatukulizungumza tena.

Huyo mwanawe ndiye aliyekuwa akimtaka Anko kwake. Mkewe Anko alikwisha kufa, naye aliishi peke yake katika nyumba ndogo ya kupanga karibu na Islington, na kila majira ya baridi mwanawe alimwomba ahamie kwao. Anko alikataa mpaka akachoka kukataa, kisha akatoa ahadi aliyoiona ni ya kijanja: siku pikapu itakapokufa, nitakuja. Alitupa habari hiyo mlangoni kwetu huku akicheka. Injini ile, alisema, itamzika yeye na mwanawe pamoja. Mama hakucheka. Aliuliza, "Na hiyo kutu?"

"Kutu gani? Mgongo wa gari hii haujawahi kukwaruzwa."

Ni kweli haukukwaruzwa, na hapo ndipo lilipokuwa kosa. Msikiti ulipobadilisha mazulia, wazee walimpa Anko kipande, kijani, chenye mistari ya safu. Alikitandika nyuma ya pikapu, kwenye lile bodi la kubebea mizigo, ili masufuria yasiteleze na makochi ya watu yasichubuke. Na kwa kuwa zulia lilikuwa limesujudiwa, Anko, Mkatoliki wa misa ya Jumapili, alipiga marufuku viatu. Mtu hakupanda nyuma ya pikapu ile ila amevua. Nimeona wanaume wazima wakipokezana friji wamevaa soksi, nje, mwezi wa Januari. Wapita njia walitushangaa. Kwetu lilikuwa jambo la kawaida, hata watoto walivua bila kuambiwa.

Hakuna aliyewahi kulinyanyua zulia. Nani angelinyanyua? Na barabara za huku zinamwagwa chumvi tangu Novemba mpaka Aprili. Theluji ya chumvi iliyeyuka ndani ya zulia, zulia likainywa, likaikumbatia juu ya chuma, kiangazi na masika, mwaka baada ya mwaka. Heshima yetu ilikula gari pole pole kutoka chini.

Tuligundua siku ya kumhamisha dada mmoja wa Rexdale. Tuliweka friji yake, ikasimama vizuri, kisha mguu mmoja ukazama. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama biskuti inavyovunjika.

"Anko!" yule dada akapiga kelele. "Friji yangu inaota mizizi!"

Watu wakacheka. Anko hakucheka. Tuliishusha friji, naye akapiga magoti ukingoni na kwa mara ya kwanza akakunja zulia. Chini yake hapakuwa na bodi. Palikuwa na kitu cha rangi ya kahawa kavu kilichomeguka kwa kidole, na katikati, tundu kubwa, na kupitia humo tuliona lami. Anko aliingiza mkono humo mpaka kiwiko. Kisha akautoa, akaufuta kwa leso, akasema, "Lete kamba. Friji itakwenda kwa gari nyingine."

Fundi aliyeikagua alisema bodi lile linaweza kudondoka barabarani, na kwa hali ile gari haliruhusiwi kutembea. Lakini fremu iliyo chini yake bado ina nguvu, na injini nzima. Likibadilishwa bodi, gari litapita ukaguzi. Lisipobadilishwa, ni chuma chakavu.

Mwanawe alipiga simu jioni ileile. Anko alimsikiliza muda mrefu. Baadaye alituambia alichoambiwa: "Dadi, uliahidi."

Sitajifanya kwamba nilikuwa na nia njema kwa kila mtu. Sikumfikiria kabisa yule mwana wa Calgary. Nilimfikiria mama yangu na ile robo saa ya Jumamosi. Nilikuwa mtu mzima wakati huo, nina kazi na leseni, na siku mbili nzima nilipiga simu yadi za magari mabovu nje ya jiji mpaka nikapata bodi la pikapu ya aina ileile, lililotoka kwenye gari la kusini kusikoanguka theluji. Lilikuwa jeupe. Nilipomweleza rangi, Anko aliuliza swali moja tu: "Linabeba?"

Tulifanya kazi Jumamosi tatu mbele ya nyumba yake, majani ya miti yakianguka ndani ya boksi la spana. Nilijifunza kwamba bodi la pikapu, kitu kinachoonekana kama sehemu ya mwili wa gari, limeshikwa na bolti nane tu. Unachomoa waya za taa za nyuma, unafungua skrubu za mdomo wa tangi la petroli, unafungua bolti nane, unanyanyua. Kwenye karatasi ni kazi ya asubuhi moja. Lakini bolti zetu zilikuwa zimeoana na fremu kwa kutu. Anko alizimwagia mafuta ya kulegeza kila siku, asubuhi na jioni, kama mtu anayempa mgonjwa dawa. Saba zilikubali. Ya nane, nyuma kushoto, ilikataa.

"Tuikate," alisema Papaa, seremala wa Kikongo aliyekuja kusaidia na wanawe wawili. Alikuwa na mashine ya kukatia chuma tayari mkononi.

"Bolti inayokataa haikatwi. Inasubiriwa," alisema Anko.

"Tumeisubiri wiki nzima, vieux, mzee wangu. Hata mke nilimpata kwa siku chache kuliko hizo."

"Ndiyo maana alikukimbia."

"Alirudi!"

"Alisahau sufuria."

Mama alikuwa ametoka kazini, amekuja na bakuli, kanga imechungulia chini ya koti la baridi. Aliwasikiliza kwa muda. Kisha akaliweka bakuli juu ya ngazi, akachukua bomba refu tulilokuwa tumelivisha kwenye mpini wa spana, akalikanyaga kwa kiatu chake cha ghalani na kuliegemea kwa uzito wake wote. Bolti ikapiga pa! ikakatika.

"Mnaibembeleza," akasema, akifuta mikono. "Njooni mle."

Anko alikiokota kichwa cha bolti, akakitia mfukoni.

Tulilinyanyua bodi la zamani tukiwa sita. Vijana wa Papaa waliulizana kwa Kiingereza nani ashike wapi, na Anko, mgongo umeinama, mishipa ya shingo imemtoka, akasema, "Sijasikia." Wakarudia kwa Kiswahili, kibovu, huku wakicheka. "Moja, mbili, tatu!" Papaa akapaza sauti, "Doucement! Polepole!" Chuma kikaachana na fremu, kikamwaga unga mwekundu kwenye viatu vyetu. Tulikwangua fremu kwa brashi ya waya, tukaipaka rangi nyeusi, tukaiacha wiki ikauka. Jumamosi ya tatu bodi jeupe lilikaa mahali pake, bolti nane mpya, taa zikawaka zote. Pikapu ilionekana kama mtu aliyeazima koti la harusi.

Zulia lilikuwa limelala kando, zito kwa maji. Mzee mmoja wa msikitini aliyepita akasema, "Hilo sasa tambara tu, bwana. Litupe."

"Wewe ulilisujudia," Anko akamjibu, "mimi nimelitunza. Atakayelitupa awe wewe." Yule mzee hakulitupa. Mwishowe Anko alikata kipande kikavu, saizi ya daftari, akakiweka mbele ya usukani chini ya kioo. Nyuma tulitandika mpira wenye matundu, na sheria ya kuvua viatu ikafutwa, ingawa watu waliendelea kuvua.

Gari likapita ukaguzi. Nilihesabu kwamba tumeshinda.

Jambo moja tu lilikuwa limeharibika: pikapu haikuwa na sauti tena. Mlango mpya wa nyuma ulifungika sawasawa. Anko aliwafikia watu kimya kimya, akawakuta na taulo. Baada ya wiki moja alirudisha mnyororo, akauning'iniza bure pembeni ya mlango ule, haufungi kitu. "Watu wajiandae," alisema. Majira yale yote ya baridi aliendesha mgongo mweupe ndani ya theluji nyeupe, na cheng cheng yake ilipanda mpaka ghorofa ya kumi na moja kama zamani, na Jumamosi mama alikuwa amekwisha washa jiko.

Mwezi wa nne, Jumamosi, mlio haukusikika. Kengele ya mlango ikalia tu. Anko alisimama koridoni amevaa tai, bakuli mkononi.

"Karibu, kaka," mama akasema, kama alivyosema miaka yote. Safari hii aliingia. Aliketi. Alichagua kiti cha karibu na mlango, lakini aliketi, na mimi nikajua kabla hajafungua mdomo.

Aliweka bakuli mezani. Halikufunikwa. Ndani mlikuwa na ufunguo wa pikapu na kile kichwa cha bolti iliyokatika.

"Leo sikupika," alisema. "Nimekwisha funga jiko. Gari liko chini, mnyororo nimeuvua. Ni la Rehema. Anajua bolti zilipo."

"Lakini gari ni zima!" nilisema. Sauti ilinitoka kama ya mtoto. "Tulilitengeneza. Huna haja ya kwenda."

"Ndiyo maana naweza kwenda." Alivua miwani akaifuta kwa leso. "Sikutaka kuondolewa na kutu, mwanangu. Ahadi ilikuwa gari likifa. Halikufa. Sasa naenda kwa miguu yangu." Kisha akamgeukia mama, na kwake alisema kwa upole zaidi. "Kuna mjukuu wangu kule, Mama Rehema. Ana miaka minne. Hajui kusema shikamoo. Baba yake hawezi kumfundisha, na kosa si la baba yake."

Mama alichukua bakuli, akatoa ufunguo na bolti, akaviweka mezani kando kando. Akaenda jikoni. Tulisikia maji, kisha mfuniko wa sufuria. Aliporudi, bakuli lilikuwa limejaa wali wa nazi, moto, sahani juu yake, limefungwa kwa kitambaa chenye fundo mbili. Akamkabidhi.

"Mama Rehema, nitapandaje ndege na hili?"

"Utakula uwanjani. Bakuli ni langu, lirudi."

"Calgary ni mbali."

"Sikukuuliza umbali. Na lisije tupu."

Anko alisimama, amelishika kwa mikono miwili kama alivyoshika vitu vya watu vinavyovunjika. Nilidhani atamwambia asante, na nilidhani mama atalia. Hakuna lililotokea. Alitoka mpaka koridoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akageuka, akamtazama mama kupitia ile miwani ya uzi.

"Ghorofa ya ngapi vile?" akauliza.

"Kumi na moja," mama akasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea kazi, na mlango ukajifunga nyuma yake.